Kwa mpwa wangu unayeandika filamu ya mcheza kamari

Mpwa wangu,

Kabla hujaandika tukio la kwanza, itazame Bob le flambeur, filamu ya Kifaransa ya mwongozaji Jean-Pierre Melville, ya mwaka 1956. Humo utaona mpango wa wizi ukiharibiwa na tabia ya mwenye mpango, na ndicho unachokihitaji.

Bob, aliyeigizwa na Roger Duchesne, ni jambazi wa zamani aliyeonja jela. Hukesha kwenye meza za kamari za Montmartre na Pigalle, mitaa ya Paris, akarudi kulala kumekucha. Nyumbani kwake, ndani ya kabati, ameweka mashine ya kamari ya sarafu. Hakuna anayetueleza ni ya nini. Anavuta mkono wa mashine hiyo, basi, nawe umeshamjua.

Akifilisika, anapata habari kuwa sefu ya kasino ya Deauville, mji wa pwani wa Ufaransa, itakuwa na faranga milioni 800. Tua hapa utazame maandalizi. Ramani ya kasino inachorwa uwanjani kwenye majani, na genge linafanya mazoezi juu yake. Roger, fundi wa sefu, anajifunza kufungua sefu ya aina ileile kwa kusikiliza kufuli, na kila akirudia anaharakisha. Kazi imepangwa saa 11 alfajiri. Bob anatangulia kuangalia hali, naye ameahidi kutogusa kamari mpaka kazi iishe. Anagusa. Anashinda, anashinda tena, na saa inamponyoka.

Mchezo wa karata anaoucheza, chemin de fer, ujifunze kabla ya kuutazama: 10 na karata za picha ni sifuri, jumla ikizidi 9 unatoa 10 (7 na 8 ni 5), na 9 ndiyo ya juu kabisa. Benki, yaani upande unaopokea dau za wengine, hushikwa na mchezaji, si kasino, kwa hiyo watu wanakamuana wao kwa wao. Usipoyajua haya, utaona nyuso tu.

Kwenye siri kuvuja namlaumu Melville. Paolo, kijana wa Bob, anajigamba kwa msichana Anne, mfanyakazi wa kasino anamwambia mkewe, na lawama zote zinaangukia wanawake. Wewe usimwige. Andika kwanza nani anajua nini, tangu lini, na anamdai nani. Mdomo utakaoropoka utajitokeza wenyewe.

Na fedha zikikuishia, kumbuka kuwa Henri Decaë, mpiga picha wa filamu hii, alipiga picha katika mitaa halisi, alfajiri, watu wakiwa wachache. Hata wewe unaweza.