Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: urea peke yake inaua uwanja

Mheshimiwa Mkurugenzi, habari za kazi. Mimi ni mkazi tu wa hapa, kazi yangu ni kutunza nyasi za viwanja na huu uwanja wetu unaniuma sana.

Kabla ligi ya wilaya haijaanza mlimwaga mifuko minne ya mbolea ya urea siku moja, nyasi zikawa kijani kibichi, watu wakapiga picha na sifa mkapata, ila ligi haijafika hata nusu mbele ya magoli yote pamebaki vumbi. Sasa lawama wanatupiwa vijana eti wanautumia sana uwanja. Hapana mkuu, tupige hesabu. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, urea ina naitrojeni, kile kirutubisho cha kukuza majani, asilimia 46, kwahiyo mifuko minne ya kilo 50 ni kilo 92 za naitrojeni, yaani kama gramu 13 kila mita ya mraba kwa mkupuo, wakati nyasi ya aina ya bermuda inayokua vizuri gramu 5 hivi kwa mwezi zinaitosha, na hizo nazo bora uzigawe mara mbili. Kwa uwanja mzima ni kama mfuko mmoja na nusu tu kwa mwezi!

Naitrojeni ikizidi nyasi inakimbilia kutoa majani, majani yenyewe laini yamejaa maji, mizizi inabaki juu juu, beki akiteleza na njumu anaondoka na kipande kizima. Kinachosaidia nyasi kuvumilia kukanyagwa na jua la kiangazi ni kirutubisho kingine, potasiamu, na urea haina hata chembe yake.

Sisemi muache mbolea kabisa, maana nyasi yenye njaa ikichunika hairudi haraka. Naomba udongo upimwe kwanza, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga wanapima, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) pia, maana kama potasiamu ipo ya kutosha kuongeza nyingine ni kupoteza hela. Halafu mbolea inunuliwe kidogo kidogo kwa ratiba, sio yote kwa pamoja kisa kuna mgeni rasmi anakuja, na siku ya kuweka urea maji yawepo ya kumwagilia hapohapo, bila hivyo inaunguza majani na nyingine inapotelea hewani.

Vijana wanaotunza uwanja wapo na wana moyo, ila mbolea inaletwa bila wao kuulizwa. Tafadhali mkuu, kabla ya manunuzi yajayo kaeni nao.