Mjomba ameniita kigeugeu kwa sababu ya nyumba ya mirathi

Kwako Shangazi Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia alfajiri, watoto wakiwa bado wamelala, kwa kuwa usiku kucha sikupata hata lepe la usingizi kwa ajili ya nyumba ile ya Chikongola niliyotaka kuinunua na neno alilonitamkia mjomba mbele za watu. Ameniita kigeugeu. Huyu ndiye aliyenilea tangu baba alipotuacha, ada yangu ya shule ilitoka kwenye mikorosho yake ya Tandahimba, na katika umri wangu wote hakuwahi kunitamkia neno kama hilo.

Muuzaji ni rafiki yake wa siku nyingi na ndiye msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yake. Mjomba ndiye aliyetukutanisha, na ndiye aliyesimama kuwa shahidi wangu. Tulipatana shilingi milioni 42, nikatoa arubuni ya milioni 6, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na salio tukakubaliana lilipwe siku ya kusaini mkataba wa mauziano kwa wakili.

Wakili alipozipitia nyaraka ndipo mambo yalipoharibika. Fomu Namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo, ile ya kumteua msimamizi wa mirathi, ipo, na aliyetajwa ni muuzaji mwenyewe, hapo sina ubishi. Hati ya kiwanja bado inasoma jina la marehemu, lakini wakili alisema hilo linarekebishika kwa Msajili wa Hati. Kilichonishtua ni muhtasari wa kikao cha ukoo kilichoridhia nyumba iuzwe. Watoto wa marehemu ni sita. Watano wameweka saini zao, na mbele ya jina la sita, la binti wa mwisho, pamegandamizwa dole gumba la wino wa bluu. Shangazi, binti huyo ni mwalimu wa shule ya msingi huko Newala. Mwalimu anayeandika ubaoni kila siku anawekaje dole gumba?

Nilimtafuta mwenyewe kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Nyumba ipi hiyo, dada yangu, ya baba?" Akasema hajaitwa kwenye kikao chochote, na kwamba nikiinunua nijiandae kumwona mahakamani.

Nilimweleza muuzaji kwa adabu kwamba sitaweza kuendelea, na nikaomba anirudishie arubuni yangu. Alijibu kwamba dada yake alikwisha kupewa fungu lake la mikorosho na sasa anasumbua tu, na akanionyesha karatasi yetu, ambayo inasema mnunuzi akighairi arubuni hairudi. Anadai nimeghairi mimi. Nami nauliza, aliyenificha mrithi ndiye asiyeghairi? Tulipokutana barazani kwa mjomba nilitarajia angalau atauliza habari za lile dole gumba. Hakuuliza. Alisema yeye amesimama shahidi, amekula kiapo cha mdomo kwa rafiki yake, na leo nimemvua nguo. Ndipo aliponiita kigeugeu, na mke wa muuzaji akiwa amekaa pale pale mkekani anasikia.

Mimi si mtu wa kuruka ahadi, Shangazi. Katika kikoba chetu ndimi ninayeshika ufunguo wa sanduku, na sijawahi kuchelewesha rejesho. Wala sikuitafutia nyumba ile visingizio. Ukuta wa upande wa bafuni unaliwa na chumvi, ukiugusa kwa kidole plasta inamwagika kama unga, na fundi aliniambia itabidi ubanduliwe wote na kupigwa upya. Niliyaona hayo na sikuomba punguzo hata la shilingi moja. Mtu anayetaka kukimbia angekimbilia hapo.

Mume wangu anasema niisamehe milioni 6 ili nilinde undugu, lakini fedha ile ni ya vitenge ninavyouza mwenyewe, kipande kwa kipande, na msimu wa korosho ukiwa mbaya unajua biashara yetu inavyolala. Majirani wananituma Baraza la Kata. Wakili amenieleza kwamba tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui, na kwamba usuluhishi ukishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na huko shahidi wa karatasi yangu ni nani, kama si mjomba huyo huyo? Nimsimamishe mbele ya watu aulizwe maswali na wakili niliyemlipa mimi?

Nyumba ile siitaki tena. Ingawa, nikisema kweli yote, yule mwalimu akija leo akasaini kwa mkono wake, salio nitalilipa kabla ya jioni, maana kisima cha nyumba ile hakikauki na sokoni ninakwenda kwa miguu. Mjomba hilo hataki kulisikia. Anasikia tu kwamba nimerudi nyuma.

Kusaini kumepangwa Alhamisi. Ametuma salamu kwamba atakuwepo, na kwamba nisipofika nisikanyage kwake hata Idi. Je, niende nikatamke mbele yao wote kwamba sisaini mpaka mwalimu awepo, au nianze kwa mjomba peke yake? Na nikianza kwake nimtume nani, ikiwa wazee wote wa upande wa mama wanamsikiliza yeye? Tena ipo njia ya kuidai arubuni yangu kwa muuzaji bila kuonekana ninamshtaki aliyenilea? Tafadhali nijibu mapema, nami niko tayari kusikia hata lisilonipendeza, ila usiniambie kwamba mimi ni kigeugeu.

Msomaji wako,
Mtwara