Kabla hujanunua nyavu za lambo

Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba kijiji kimekukabidhi kazi ya kuchunguza lambo lina samaki gani, wa ukubwa gani na wangapi, kabla uvuvi haujaruhusiwa. Umeniuliza ununue wavu wa inchi ngapi. Nakusihi usinunue wa aina moja, kwa kuwa hapo ndipo hesabu nyingi za samaki huharibikia.

Wavu wa kutega humnasa samaki ambaye kichwa chake kinapita kwenye jicho la wavu na kiwiliwili kikakwama. Aliye mdogo hupenya, na aliye mkubwa mno hugonga akageuka. Kwa hiyo kila ukubwa wa jicho una urefu wake wa samaki unaoukamata vizuri, na samaki anayepungukiwa au kuzidi urefu huo kwa zaidi ya asilimia 20 hivi hunaswa kwa nadra. Ukitega wavu wa inchi 4 peke yake, utapata sato wanaolingana kama waliozaliwa siku moja, kisha utawaambia wanakijiji kwamba lambo halina wachanga, ilhali wachanga wamejaa tele na wavu wako ndio usiowaona.

Watafiti wa nchi za Skandinavia walilitatua jambo hili kwa kuunganisha vipande 12 vya macho tofauti katika wavu mmoja wenye urefu wa meta 30 na kimo cha meta 1.5, kila kipande kikiwa na meta 2.5, na macho yakianzia milimita 5 hadi 55. Hata hivyo, vipimo hivyo huchukuliwa kutoka fundo hadi fundo, wakati wavuvi wetu hupima jicho likiwa limenyooshwa, yaani mara mbili yake. Jicho lile kubwa kuliko yote, kwa kipimo chetu, ni inchi 4 na kitu tu, na kambare wako wakubwa wangelikwepa. Shona vipande vyako kwa mfano huo, lakini ongeza vyenye macho makubwa zaidi.

Tega kabla ya magharibi na utegue alfajiri, kwa saa zilezile kila mara, maana samaki hunaswa anapotembea. Usichague mahali ambapo wavuvi wanapasifu. Ligawe lambo kwa vina, kisha uchague kwa bahati nasibu mahali pa kutega katika kila kina. Sisi huku ziwani tunajua kwamba katika miezi ya mvua maji ya chini hupungukiwa na oksijeni, na wavu uliozamishwa huko hutoka mtupu hata kama tabaka la juu lina samaki wengi.

Ukubwa wa somo hili, kwamba kila chombo huona samaki wake tu, unaonekana katika historia ya Ziwa Victoria yenyewe. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa mwaka 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba furu, samaki wadogo wa jamii ya sato, walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa karibu na sakafu ya ziwa. Nyavu hizo hazikufaa kumpima dagaa, ambaye hukaa zaidi maji ya juu na mwili wake ni mwembamba, na leo yeye huchunguzwa pia kwa mawimbi ya sauti. Naamini asiyetaja chombo alichovulia hajatoa takwimu yoyote.

Kuhusu idadi, wavu wa kutega hautakupa, kwa sababu samaki wengi hufia humo. Tumia juya, yaani wavu unaokokotwa hadi ufukweni, lenye macho madogo, ukiwa na kibali, baada ya kuondoa visiki ufukweni. Mkate kila samaki ncha ndogo ya pezi, umrudishe, kisha uvue tena baada ya siku chache. Ukiwa uliwatia alama 80, na katika 100 wa mara ya pili ukakuta 16 wenye alama, zidisha 80 kwa 100 ugawe kwa 16, upate makadirio ya samaki 500 wa ukubwa ule ambao juya linaweza kuuvua.

Daftarini andika pia nyavu zilizotoka tupu. Niletee orodha ya macho unayoyapata dukani kabla hujalipa, nami nitakujibu mara moja.

Wasalaam,
Rafiki yako