L ya "kuzala" ina kwao

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya lugha imeliweka neno "kuzala" katika orodha ya makosa ya watu wa Lubumbashi na kuwataka wasomaji waseme "kuzaa". Gazeti liandike kuzaa, hatupingi, maana ndivyo Kiswahili sanifu kinavyoandikwa. Kuliita kuzala kosa ndiko tunakokataa. Ile l ilikuwamo tangu zamani.

Anayeitafuta akinyambue kitenzi chenyewe. Mtoto huzaliwa. Mama aliyeshikwa na uchungu safarini alizalia njiani. Mkunga huzalisha. L hiyo imetoka wapi kama haikuwa ya shina? Na jambo hili halimo katika kuzaa peke yake: kuvaa kuna kuvalia, kukaa kuna kukalia, kukataa kuna kukataliwa, kulea kuna kulelewa. Pwani l ilidondoka mwishoni mwa shina, ikabaki ilipofuatwa na kiambishi. Sisi huku tunasema kuvala, kukatala, kuzala, kwa kanuni ile ile moja. Haishangazi, kwa kuwa mji huu ulioanza mwaka 1910 ulijazwa na wafanyakazi wa migodi ambao lugha zao nyingi hazikuiacha l.

Katika majina l iligeuka z mbele ya i: mlezi, mkazi, vazi, na mzazi. Sasa litazameni neno mzazi kwa karibu, lina z mbili zenye asili mbali mbali. Ya pili ilikuwa l. Ya kwanza ilikuwa b iliyofuatwa na i, kama vile anayeiba anavyoitwa mwizi, au mwivi kwa wengine. Ndiyo sababu Mnyarwanda anasema kubyara, Mbemba anasema kufyala na mzazi anamwita umufyashi, na baadhi ya lahaja za pwani zilikuwa na kuvyaa. Kuvyaa hiyo bado imo kwenye kamusi ndani ya neno mavyaa, yaani mama mkwe.

Si kila jirani yetu ana shina hili. Kwa Kikaonde na Kichokwe, kusema ni kuzaa. Mgeni wa lugha hizo akisikia "mama amesema" anaweza kuuliza kama ni mvulana au msichana. Kwa Kiluba cha Kasai ni kulela, ndugu wa damu wa kulea kwetu. Methali ya "Kuzaa si kazi, kazi ni kulea" inatenganisha mambo mawili ambayo Mluba wa Kasai anaweza kuyachanganya, kwa kuwa kulea kwetu kunafanana na kulela kwake, na mwalimu anayeifundisha darasani hapa Lubumbashi afadhali aanze kwa kulieleza hilo.

Yapo makosa ya kweli ambayo safu yenu ingeyakemea. Kubwa ni kuzalisha: neno lenyewe ni sahihi, lakini lina maana mbili. Kichwa cha habari kikisema "Muuguzi azalisha wasichana wawili", msomaji mmoja ataelewa kwamba amewapokelea watoto, mwingine kwamba yeye ndiye baba. Andikeni "awasaidia kujifungua". Kujifungua ni neno la heshima, limetokana na kufungua na ile ji ya kujitendea, mama anafungua kilichokuwa kimefungwa mwilini mwake. Linamfaa binadamu; mbuzi huzaa.

Kizazi nacho kina maana zaidi ya moja: kiungo kinachobeba mimba, na watu wa rika au wakati mmoja. Kwenye habari za materinite, yaani wodi ya uzazi, "kizazi chake kimeharibika" inaweza kumfikia msomaji kama lawama kwa watoto wa mama huyo. Mji wa mimba hauna utata huo, na ni Kiswahili cha siku nyingi.

Kuna pia "bazazi", wingi wetu wa muzazi. Nyumbani na sokoni hapa hakuna anayekosea. Lakini pwani bazazi ni neno lililotoka Uarabuni, maana yake mfanyabiashara, hasa wa nguo, na hata mtu mlaghai. Barua ya shule iliyoandikwa "bazazi wote wafike" ikisomwa Dar es Salaam, itasomwa vibaya sana. Katika maandishi ya kwenda mbali, wazazi.

La mwisho ni "mzalia wa Likasi", ambalo tumelikuta kwenye kurasa zenu. Kisarufi halina ila. Ila pwani, katika karne ya 19, wazalia waliitwa watoto wa watumwa waliozaliwa huko huko kwa mabwana wa wazazi wao, na wapo wasomaji wanaoijua historia hiyo. Mtu wa Likasi ni mzaliwa wa Likasi, na l yake inasikika vizuri kabisa.

Walimu wawili wa Kiswahili,
Kamalondo, Lubumbashi