Kabla hujanunua glasi, lowesha mkono kwanza

Dada mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, alikuja dukani kwetu tunapouza glasi, na glasi moja ameiviringisha kwenye kanga. Alitaka nyingine kama hiyohiyo. Walinunua sita, zimebaki mbili. "Nne zimekwenda ndani ya mwezi mmoja, kaka, na zote kazivunja mama mkwe." Mama mkwe mwenyewe alikuwa nyuma yake, ameshuka na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, mwezi mmoja kabla kwa ajili ya kliniki. Tukampa kiti. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, kisha akasema taratibu, macho yake yakiwa kwenye ile kanga: "Mimi sizivunji. Zinanitoka."

Huyo mama alikuwa ameeleza tatizo zima kwa neno moja. Wateja wengi wanaokuja kulalamika kwamba glasi za siku hizi ni dhaifu, ukiwauliza zilivunjikaje, hakuna anayesema ilipasuka yenyewe. Ilimponyoka mtoto, ilimponyoka babu, iliponyoka kwenye karai la kuoshea vyombo. Tatizo linaanzia mkononi, kioo kinamalizia tu.

Tukaipima ile glasi pale kaunta. Kwa macho ilikuwa nzuri kweli: imenyooka, nene, kitako kizito, unaona kabisa ingependeza kabatini. Futi ya fundi cherehani ikatoa mzunguko wa sentimita 27. Mizani ya jirani yangu anayeuza mchele ikasema gramu 390, tupu. Ukitia maji mililita 320, na maji kila mililita ni gramu moja, unapata gramu 710. Mwambie mtu wa miaka sabini na kitu, mwenye viungo vinavyouma asubuhi, anyanyue karibu robo tatu ya kilo kwa ncha za vidole, mara tano kwa siku. Yule mama alikuwa ameshapata suluhisho lake: akiwa mezani alisema hana kiu. Nyumbani wakaamini.

Sasa nieleze jambo ambalo sijaona likiandikwa kwenye boksi la glasi hata moja. Glasi tunazouza hapa zinatoka China, Uturuki, Ufaransa. Aliyezichora, nadhani, alimfikiria mtu anayekula kwa uma au kwa vijiti, mkono wake mkavu. Hapa kwetu mtu anakula ugali na sato wa kukaanga, mkono wa kulia umeshika mafuta mpaka kwenye kucha. Akitaka maji ana njia mbili. Atashika glasi kwa mkono huohuo wenye mafuta, au, kama alilelewa na bibi mkali, ataishika kwa kushoto na kuisindikiza chini kwa mgongo wa kiganja cha kulia, isije ikaonekana anakunywa kwa kushoto. Ama mkono unateleza, ama ni ule usiozoea kazi. Kama chakula chenyewe ni sangara, mafuta ndiyo usiseme.

Ongeza maji ya friji. Hewa ya huku ziwani ina unyevu mwingi, na unyevu huo ukikutana na kioo cha baridi unageuka matone. Glasi inatoka jasho kabla hujaimaliza nusu. Kwa hiyo ile glasi uliyoijaribu dukani ikiwa tupu na kavu, mkono wako ukiwa mkavu, siyo utakayokunywea nyumbani.

Ndiyo maana tumeweka beseni la maji karibu na mlango. Ukichagua glasi, lowesha mkono, tutakujazia maji, shika kwanza kwa mkono wa kushoto. Wengine wanacheka. Wacheke tu.

Ukishaishika, usiangalie glasi, angalia vidole. Dole gumba limeishia wapi, na kidole cha kati kimeishia wapi? Kama vyote viwili vimevuka nusu ya glasi na kuanza kukaribiana upande wa pili, umeikumbatia, na hata ukilegeza kidogo inabaki. Kama vimeishia kabla ya nusu, unaibana tu, na kitu cha duara kinachobanwa hivyo hukimbia mbele kama sabuni bafuni. Ukizidi kubana ndivyo kinavyozidi kukimbia. Mama wa Nansio alikuwa anabana kwa nguvu zake zote, maskini, na kila alipobana ndipo ilipomtoka.

Kwa watu wazima wengi wanaopita hapa, mzunguko wa sentimita 20 hadi 22 unakaa vizuri, yaani upana wa kama sentimita 6.5 hadi 7. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili, 17 au 18. Ukifika 26 na kuendelea, hiyo ni ya mvuvi mwenye viganja kama kasia. Pima pale vidole vinaposhika, usipime mdomoni. Kama huna futi, kamba ya kiatu na rula ya mtoto vinatosha: zungusha kamba kwenye glasi unayoipenda pale nyumbani, kata, njoo nayo mfukoni. Kuna mzee wa Pasiansi alikuja na kamba ya namna hiyo, akapita nayo rafu nzima kama fundi ujenzi, hakutaka kusikia neno langu lolote, na alichagua sawasawa.

Umbo nalo lina kazi yake. Glasi iliyonyooka kama bomba, ikianza kuteleza, hakuna kinachoizuia mpaka sakafuni. Iliyopanuka juu na kupungua chini inajiokoa yenyewe: ikishuka kidogo, sehemu pana inakuja kukwama kwenye kiganja. Yenye kiuno ni bora kuliko zote, kwa sababu vidole vinajua pa kukaa hata gizani umeme ukikatika. Angalizo ni moja. Kitako kikiwa chembamba mno, glasi itaanguka ukiiweka kwenye mkeka, na nyumba nyingi bado tunakula mkekani siku wageni wakiwa wengi. Iweke dukani juu ya kitambaa kilichokunjwa, iguse na kidole mdomoni, uone kama inayumba au inalala.

Halafu michoro. Watu hununua glasi yenye mistari wakidhani mistari yote inasaidia kushika. Mistari ya wima, inayotoka mdomoni kwenda kitakoni, inaizuia glasi isizunguke mkononi, lakini kuteleza kwenda chini inateleza kwenye mistari hiyohiyo kama treni kwenye reli. Inayozuia kushuka ni ile iliyolala, inayozunguka glasi kama pete, au vipele. Kama unapenda za pande pande, chukua zile zilizopanuka juu pia, pande na umbo visaidiane. Ndivyo ilivyo Picardie ya Duralex, glasi ya Kifaransa iliyotoka mwaka 1954 na bado inatengenezwa. Zinazofanana nayo umbo zipo hapa dukani kwa bei ya kawaida. Mifereji ikiwa ya kina sana, nunua na brashi, la sivyo baada ya wiki utakuta utando wa mafuta humo.

(Bibi yangu wa Pangani hakusema glasi, alisema bilauri. Hapa mjini ukiomba bilauri, kijana wangu wa kaunta anakuuliza ni ya kampuni gani.)

Niungame na kosa langu. Mwaka juzi nilileta maboksi ya glasi za mraba. Zilipigwa picha zikapendeza, zikaisha haraka, kisha zikaanza kurudi. Ukinywea ubavuni, maji yanakimbilia kona mbili na kukumwagikia kifuani. Lazima utafute kona moja uweke mdomo hapo kama unakunywa kwenye birika. Na mkononi, pembe zinachoma kiganja. Zilizobaki nilimpa binti yangu anapandia miche ya maua.

Chai ya moto ni habari nyingine. Wengi wanaamini glasi nene ndiyo inayostahimili moto. Ni kinyume chake. Kioo kinene kikimiminiwa chai inayochemka, ndani kinatanuka wakati nje bado kimepoa, na hapo ndipo kinapopasuka. Za kunywea chai ni zile nyembamba na nyepesi za kioo cha kustahimili moto, ambacho hutanuka kama theluthi tu ya kioo cha kawaida, au zile zilizokomazwa kiwandani kwa moto (tempered). Hizo zilizokomazwa zina nguvu mara kadhaa ya kioo cha kawaida, na zikivunjika humwagika punje punje kama chumvi ya mawe badala ya vipande virefu vyenye ncha. Ila usizisugue kwa stili waya. Mkwaruzo mmoja unaweza kukaa kimya wiki nzima, halafu siku glasi iko peke yake kabatini, paa! Na wewe umelala unafikiri ni paka. Kwa mkono wenye ganzi au maumivu, chai iwe kwenye kikombe chenye mkono unaopitisha vidole vitatu, siyo kimoja. Vile vikombe vya maua vyenye tundu la kidole kimoja viacheni vya wageni.

Na kuna mikono ambayo hatuwezi kuiuzia glasi. Mtu anayetetemeka, au aliyepata kiharusi na upande mmoja bado haujarudi, mpe kikombe chepesi chenye mikono miwili, ujaze nusu tu na urudie. Cha plastiki ngumu au cha stili, siyo aibu. Mauzo ya glasi tunakosa siku hiyo, basi.

Kama tayari umeshanunua zinazokutoka, usizitupe. Nenda kwa fundi pikipiki, omba kipande cha tyubu mbovu, kata pete yenye upana wa vidole viwili. Tyubu ya pikipiki ndiyo inayoenea vizuri kwenye glasi ya kawaida. Ya baiskeli inabana mno. Iloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni, maana inanuka, kisha ivishe glasi pale vidole vinaposhika. Haipendezi. Lakini raba inashika hata mkono ukiwa na mafuta, na sehemu hiyo haitoi jasho la kuteleza. Mjomba wangu kule Magu ana moja ya hivyo kwa muda mrefu, anaiita glasi yake ya matairi, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuinywea.

Glasi zikinasana baada ya kupangwa moja ndani ya nyingine, usivute wala kugonga. Tia maji ya baridi kwenye ya ndani, simamisha ya nje kwenye maji ya uvuguvugu, subiri dakika mbili, zungusha polepole.

Kabla ya kulipa, pitisha kitonge cha pamba kwenye mdomo wa glasi mzunguko mzima. Pamba ikinasa popote, kuna ufa au kingo imemeguka, irudishe rafuni. Usipitishe ulimi wala kidole, tafadhali, tulishawahi kufunga bandeji hapa.

Wa Sengerema na Geita siku hizi mnapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, hamkai tena na boksi kwenye foleni ya kivuko, lakini barabara ni barabara. Tunafunga kila glasi kwa gazeti na kuisimamisha mdomo chini, hatuilazi, kwa sababu kioo kikisimama kinabeba uzito vizuri kuliko kikilala. Wa Ukerewe tunaongeza maboya ya karatasi pembeni, maana wapagazi bandarini hawana muda wa kusoma maandishi ya "shika taratibu".

Yule mama wa Nansio alilowesha mkono kwenye beseni, akajaribu glasi saba. Sita alizirudisha bila maneno. Ya saba ilikuwa ya kiuno, mzunguko sentimita 19 na nusu, gramu 160, ya bei ndogo kuliko ile waliyokuja nayo. Alikunywa yote, akamwambia mkwe wake, "Niongezee." Dada wa watu akanitazama, akamtazama tena mama.

Walichukua sita. Wiki tatu baadaye akapiga simu: mama amerudi kisiwani na mbili ameondoka nazo, hakuaga wala hakuomba, je, tunauza rejareja au mpaka seti? Tunauza hata moja.