Barua kwa mdogo wangu, kabla hajamnunulia mwanawe chinchila

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Habari kwamba binti yako anataka kufuga chinchila, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya mwenye manyoya mengi, nimeipata kwa watu wengine, na kwa kuwa mimi nawe siku hizi hatuvuki salamu za Idi, nimeona nikuandikie hapa, ili hata wenzetu walioko huku Uingereza wanaobembelezwa na watoto wao wapate faida. Sina pingamizi. Mtoto mwenye huruma kwa mnyama ni neema, na huyu mwanangu, tangu siku zile alipokuwa akikaa kimya sakafuni kumngoja Sufi, chinchila wangu, amkaribie kwa hiari yake, nilijua kwamba anafaa kukabidhiwa kiumbe. Ninachotaka ni makazi yawe tayari kabla mnyama hajavuka kizingiti.

Anza na joto, kwa sababu joto ndilo linaloua. Asili ya chinchila ni milima ya Andes, kwenye majabali makavu yenye usiku wa baridi kali, na manyoya yake yameumbwa kwa ajili ya huko: kitundu kimoja cha ngozi yake hutoa nywele zaidi ya 50. Manyoya hayo ndiyo yaliyomponza, kwani aliwindwa kwa ajili ya makoti hadi akakaribia kutoweka porini, na wengi kati ya wanaofugwa leo wametokana na kundi dogo ambalo mhandisi wa migodi wa Kimarekani, Mathias Chapman, alilitoa Chile na kulipeleka California mwaka 1923. Chumba kikiwa na nyuzijoto kati ya 10 na 20 anastarehe. Zikizidi 25, hasa penye unyevunyevu, yumo hatarini. Feni peke yake haimwokoi, maana feni humpoza mwenye kutoka jasho, naye hatoki.

Haya yote niliyaandika katika karatasi niliyoibandika kwenye mlango wa friji, Julai ya mwaka 2022, nilipokukabidhi nyumba na mnyama nikaenda Tanga kwenye msiba wa bibi. Niliandika kwamba kizimba kisitolewe katika chumba cha nyuma kinachoelekea kaskazini, ambacho jua halikipigi. Kwamba mapazia yashushwe asubuhi na madirisha yafungwe mpaka hewa ya nje ipoe. Kwamba kile kipande cha marumaru kiwekwe ndani ya friji usiku, kisha apewe mchana akilalie. Tarehe 19, siku ambayo kijijini Coningsby, huku Uingereza, kulipimwa nyuzijoto 40.3, joto ambalo nchi hii haikuwahi kulirekodi, wewe ulikisogeza kizimba hadi sebuleni, ukakiweka chini ya dirisha la magharibi ili, kwa maneno yako, apate hewa, kisha ukaenda kazini.

Nilikuwa uani kwa bibi, wanawake wanachambua mchele wa khitma, upepo wa kusi unavuma hata wazee wamejitanda khanga mbili mbili, simu ikaingia ujumbe wako: "Panya amekufa. Nitakununulia mwingine." Nikausoma, nikaiweka simu chini, nikaendelea kuchambua mchele, kwa kuwa pale, mbele ya watu waliokuja kumlilia bibi, ningeanzia wapi kusema kwamba nalia kwa ajili ya mnyama? Kwamba alikufa nimekwisha kulikubali, kwani roho ni ya Mungu. Neno "mwingine" ndilo lililonikaa kooni, na leo nasikia kwamba huyo mwingine unamnunua kweli.

Najua ulikuwa na huzuni yako. Ulinyimwa ruhusa kazini, ukabaki kumlilia bibi peke yako katika jiji hili, na nilipokumbuka hilo nilikuonea uchungu, hata sasa nakuonea. Lakini uliwaambia shangazi zetu kwamba kosa ni langu, kwamba mtu mwenye akili hamfugi mnyama wa baridi katika ghorofa ya juu kabisa. Ghorofa ile ndiyo niliyoimudu kodi yake. Chumba kile nilikipima kwa kipimajoto kiangazi kilichotangulia kabla sijamleta, nikaona kinafaa, na mambo ya kufanya siku za hari niliyaandika moja baada ya jingine kwa mwandiko unaosomeka. Mtu aliyefiwa na bibi aliyemlea angefanya nini zaidi ya hayo?

Basi kwenu tafuteni chumba cha namna hiyo. Kisiwe chumba cha kulala cha mtoto, maana chinchila huamka jua linapotua na kuruka usiku kucha, na mwanao anahitaji usingizi wa shule. Kizimba kiwe cha nyaya za chuma, kirefu kwenda juu, chenye vibao vya kukalia vilivyopishana kama ngazi, kwa kuwa anapenda kurukia juu lakini akianguka kutoka mbali huvunjika mguu. Sakafu isiwe ya nyaya, kwani humchubua nyayo mpaka zikafanya vidonda. Iwe bapa, yenye matandiko makavu. Vibao viwe vya msonobari uliokaushwa vizuri, wala si mwerezi, ambao mvuke wa mafuta yake humdhuru. Plastiki iondoeni yote, hata kijumba kizuri cha rangi ambacho muuza duka atakisifia, kwa sababu meno yake hukua maisha yake yote na hutafuna kila anachokifikia, na vipande vya plastiki huweza kumziba utumbo. Akitolewa nje ya kizimba kuchezea chumbani, nyaya za umeme zifichwe kwanza. Gurudumu la kukimbilia liwe la chuma, lisilo na nafasi za kunasa mguu, lenye kipenyo kisichopungua sentimita 38, maana dogo humpinda mgongo.

Chakula chake hasa ni nyasi kavu, ziwepo usiku na mchana, pamoja na maji safi ya chupa ya kuning'inia. Zabibu kavu na karanga ulizokuwa ukimpa Sufi kwa siri, ukidhani sioni, humvuruga tumbo. Haogeshwi kwa maji kabisa, kwani manyoya yale yakilowa hayakauki upesi na ngozi huingia ukungu. Huwekewa bakuli la vumbi laini la mawe ya volkano kwa dakika 10 au 15, mara mbili au tatu kwa wiki, akajigaragaza, kisha likaondolewa. Mfundishe mtoto amnyanyue kwa mikono miwili chini ya kifua na makalio, asimshike manyoya, maana akiogopa huyaachia yakabaki mkononi.

Usimnunue dukani. RSPCA, shirika la huku la kutetea wanyama, wana chinchila waliokataliwa na wenyewe, mara nyingi wawili waliozoeana, na ni heri wawili kuliko mmoja mpweke. Wanaweza kuishi miaka 10, hata 20, kwa hiyo mwanao atakapoondoka kwenda chuo kikuu utabaki nao wewe. Mtafute mapema daktari wa wanyama anayewajua viumbe hawa, na siku masikio yakiwa mekundu, akilala ubavu huku anahema, au akipitisha nusu siku bila kula, usingoje kutoka kazini.

Kizimba cha Sufi bado ninacho, kimeoshwa kwa dawa na vibao nimeviweka vipya, na gurudumu lake ni la kipimo nilichokutajia. Nampa mwanangu. Kinafunguka kwa bisibisi lakini vipande vyake ni virefu, kwa hiyo mje na gari la kulaza viti, Jumamosi yoyote baada ya adhuhuri, na uje wewe mwenyewe, usimtume shemeji.

Dada yako