Kutoka rula hadi wanja

Mhariri,

Wanaodai teknolojia mpya lazima iue kiwanda cha zamani wakiangalie Faber-Castell, kampuni ya familia ya kutengeneza penseli iliyoanza 1761 huko Stein, Ujerumani. Vikokotoo vya umeme viliua soko la rula zake za kukokotolea, zile zenye ulimi wa kuteleza wa kufanyia hesabu, miaka ya 1970. Mwaka 1978 ikaanza kutengeneza penseli za wanja.

Kazi ya mbao ni ileile ya penseli ya kuandikia: ubao huchongwa mifereji, kiini hulazwa, ubao wa pili hugandishwa juu kwa gundi. Kasheshe ni kiini. Cha penseli ya kuandikia ni grafiti, ile kaboni nyeusi, na udongo, navyo huchomwa tanuruni. Nta ya wanja ingeyeyuka humo. Tena gundi isiposhika sawasawa, kiini hukatikia ndani, na mteja huchonga hadi mkiani bila kupata ncha.

Fundi seremala, Moshi